Nyundo Yangu na Treni Isiyogusa Reli

Mkinikuta sokoni Tandika mtanijua mara moja. Mimi ndiye yule bibi anayegonga kila kitu kabla ya kununua. Kikombe nakigonga, sufuria naigonga, chungu nakigonga, tikiti maji ndiyo usiseme. Wauza vyombo wameshanizoea, na wengine wakiniona kwa mbali wananipigia kelele, "Bibi, leo chagua kwa macho tu, utatuvunjia!" Siwezi. Kikombe kizima ukikigusa kwa ukucha kinalia, na ile sauti inakaa kidogo kabla ya kuisha. Chenye ufa kinatoa neno moja fupi kama mtu aliyeamshwa usingizini, basi. Ufa wenyewe hata uvae miwani huuoni, kwa hiyo naendelea kugonga na wao wanaendelea kulalamika.

Ni mazoea ya kazi. Nyie mnaosomea treni za umeme hapo chuoni, mnaopita mbele ya nyumba yangu Chang'ombe na mabegi mgongoni, mmoja wenu aliniuliza juzi, "Bibi, ni kweli ulikuwa unalipwa kwa kugonga magurudumu?" Wenzake wakacheka, na mie nikacheka. Ni kweli kabisa. Nilikuwa mkaguzi wa mabehewa. Treni ikiingia yadi nilipita pembeni yake na nyundo yenye mpini mrefu, nikigonga gurudumu moja baada ya jingine, nikisikiliza. Zima linalia, lenye ufa linaguna. Nimeifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na kama magoti yangekubali ningerudi kesho.

Sasa nyie mnasoma mambo ya treni ambazo hazina hata gurudumu la kugonga. Msidhani nawaonea wivu. Nimeipanda moja. Nimekaa ndani ya treni inayoelea juu ya njia yake bila kuigusa, na mpaka leo nikiikumbuka nywele zinanisimama. Lakini siwezi kuwasimulia habari zake bila kuwasimulia habari za Mzee Abeid, maana ndiye aliyenifikisha huko, na siku ile tulikuwa tunakaribia kumpoteza ilhali ameketi kando yetu.

Mzee Abeid ndiye aliyenifundisha kazi. Kwao ni watu wa maduka, Waarabu wa Temeke wa siku nyingi, na baba yake alitegemea atauza vitenge mpaka azeeke. Yeye akakimbilia reli. Walimnunia miaka. Alikuwa mwembamba, mrefu, kofia yake ya kushonwa kwa mkono haitoki kichwani hata jua liwe kali namna gani, na grisi iko kila mahali mwilini isipokuwa kwenye hiyo kofia. Sijui aliwezaje.

Mimi nilikuwa mfagiaji wa ofisi za yadi, binti kutoka Tabora, naimba alto kanisani. Asubuhi moja kichwa cha treni kilipiga honi, nami huku nafagia nikaishika ile sauti kwa mdomo uliofumbwa, nikaendelea nayo. Mzee Abeid alikuwa anapita. Akasimama, akasubiri honi ya pili. Nikaishika tena. Akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wa yadi akamwambia, "Yule binti mnamchezea. Mnampa ufagio na ana sikio." Wakasema mwanamke hawezi kutembea kwenye kokoto siku nzima. Akawajibu kwamba kokoto hazijui nani mwanamke nani mwanamume, na kesho yake nikapewa nyundo.

Mambo aliyonifundisha mengine hayamo kwenye vitabu vyenu, kwa hiyo chukueni bure. Nyundo haipigwi kwa nguvu. Unaiinua, unaiachia, inaanguka kwa uzito wake pembeni mwa gurudumu, na mkono wako unalegea ili usiizime sauti. Ukitaka kujua kama beringi imepata moto, usishike kwa kiganja, tumia mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono ukiungua unauondoa haraka, ila kiganja kina tabia ya kushikilia. Pua nayo ni kifaa. Grisi iliyoungua inanukia kama maandazi yaliyosahaulika jikoni, na ukiinusa hiyo huna haja ya kusubiri moshi. Na usivuke kamwe katikati ya mabehewa mawili, hata kama chai inapoa upande wa pili.

Halafu alikuwa na hadithi moja. Hiyo kila mfanyakazi mpya alisimuliwa, na wa zamani tulisimuliwa tena. Ilianza hivi hivi siku zote: "Mie wiki yangu ya kwanza niliua treni nzima." Alikuwa kijana, amepewa nyundo, treni ya mizigo imetoka bara imesimama Kurasini. Akagonga gurudumu la kwanza, likaguna. La pili, likaguna. La tatu, la nne, behewa zima, mabehewa yote, hakuna hata moja lililolia. Akatupa nyundo akakimbia mpaka kwa nyapara, jasho linamtoka, akapiga kelele mbele ya makuli wote, "Treni nzima imekufa!" Nyapara akaja taratibu, mikono nyuma. Akaangalia. Akaagiza breki zilegezwe. Akamwambia, "Haya, gonga sasa." Akagonga, na gurudumu likalia mpaka watu wa kwenye makontena wakageuka. Kumbe breki ilikuwa bado imeyabana, na gurudumu lililobanwa hata liwe zima namna gani haliwezi kulia. Nyapara hakumfokea. Alimwambia tu, "Ukikuta kimya, usikimbilie kusema ni bovu. Angalia breki kwanza."

Tuliisikia hadithi hiyo mpaka tukawa tunamalizia wenyewe. Mwanawe Nassor, tangu mdogo akija yadini kumletea baba yake chakula, akisikia "Mie wiki yangu ya kwanza" alikuwa anaziba masikio.

Kuna jambo moja zaidi la kazi lazima mlielewe. Wakaguzi tulikwenda wawili, mmoja kila upande wa treni. Katikati kuna mabehewa, hamuonani. Kichwa kinanguruma, malori ya bandarini yanapiga honi, hata upige kelele vipi mwenzako hasikii. Kwa hiyo tulizungumza kwa nyundo. Nikigonga la kwangu, yeye anagonga la kwake, tunakwenda sambamba. Nisipojibiwa, nasimama hapo hapo, kwa sababu huenda ameona kitu, huenda ameingia chini ya behewa. Tukifika mwisho wa treni kila mmoja anagonga reli mara mbili. Mbili maana yake nimemaliza, nimetoka, niko salama. Bila mbili za pande zote, treni haiondoki, hata akija mkubwa gani.

Na mimi nikiwa na mimba ya Magreth, huyu wangu anayekaa Kawe, mtoto alikuwa anaruka tumboni kila gurudumu likilia. Kwenye bovu anatulia. Nilipomwambia Mzee Abeid akasema basi sasa tuko wakaguzi watatu na yeye mzee ndiye mwenye sikio baya kuliko wote. Alikuwa anatania. Sikio lake lilikuwa halina mfano. Aliweza kusikia ufa kwenye behewa nililokwisha kulipita mimi, akanirudisha, na ukweli ukawa wake.

Siku moja kwenye chai kijana mmoja wa ofisini akatuambia ipo nchi ina treni isiyo na magurudumu. Inainuliwa na sumaku, inakwenda hewani. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee Abeid alikuwa hacheki, alikuwa amekasirika kabisa. "Treni isiyogusa chini ni ndege iliyopotea njia," akasema. "Mtu akinionyesha hiyo, wallahi navua kofia yangu mbele ya watu." Tukaacha kucheka, maana kofia ile hatukuwahi kuiona nje ya kichwa chake.

Alistaafu kabla yangu. Miaka ikaenda, na masikio yakaanza kumwacha. Mwanzo alikuwa hasikii ndege, halafu mwadhini, halafu wajukuu. Nassor ana duka la mabomba, masinki na koki pale Temeke, na mzee alikuwa anakaa humo nyuma ya meza ya kuuzia. Watu walimpigia kelele sikioni kwa nia njema, naye alichukia sana. Akaacha kwenda barazani. Mezani akaacha kuongea. Nikimtembelea nilikuwa nagonga mgongo wa mkono wake kwa kidole, mara moja, naye anagonga wangu mara moja, ndiyo salamu yetu. Tulielewana kwa vidole na ishara za yadini, na alikuwa anatabasamu.

Mchana mmoja Nassor alinifuata nyumbani. Aliketi ukingoni mwa kiti, hakugusa hata maji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Kuna nini?"

"Shangazi, baba yupo lakini hayupo. Siku nzima anaangalia ukuta. Juzi mtoto kamletea chai, baba kamwambia, 'Mpe mtu anayefaa kitu.' Mie nimeogopa." Akafuta uso. "Nakwenda China kuchukua mzigo. Nataka nimpeleke hospitali kubwa huko Shanghai wamwangalie masikio. Kakataa. Kasema labda uende na wewe."

"Mie? China? Mie ndege naziona zikipita juu ya Kipawa tu."

"Shangazi, anajibu mkono wako peke yake."

Basi ningesemaje? Nikafunga sanduku. Nilitaka kuweka na nyundo yangu, nimeizungushia khanga vizuri, Nassor akaitoa. "Shangazi, uwanja wa ndege watatuweka ndani wote!" Nikasafiri mikono mitupu, na nawaambia kweli, mkono wa kulia ulikuwa unahangaika njia nzima.

Shanghai tulipokelewa na Upendo, binti wa mwalimu mmoja wa hapa hapa Chang'ombe, anasoma uhandisi huko. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Alinipigia goti kuniamkia katikati ya ukumbi wa uwanja wa ndege, na abiria wakatuzunguka kwa mbali wakitushangaa.

Hospitalini walimweka Mzee Abeid kwenye chumba cha kioo, wakamvisha vidude masikioni, wakampa kitufe akibonyeze kila akisikia sauti. Nilimwona kupitia kioo. Ameinamisha kichwa upande, macho ameyafumba, kidole kiko juu ya kitufe. Nilimjua mtu yule. Ndivyo alivyokuwa anasimama kando ya gurudumu baada ya kuachia nyundo. Nikasubiri, wauguzi wakasubiri, na kidole hakikushuka hata mara moja.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Upendo akatafsiri kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na haja ya kuishusha. Mishipa ya kusikia imekufa pande zote mbili. Kifaa cha sikioni hakitasaidia, na kwa umri wake hawamshauri apasuliwe. Nassor akageukia dirisha. Mimi nilikuwa natafuta ishara ya kumwambia mzee, lakini alishatusoma nyuso. Alisimama, akaweka kofia sawa, akatangulia mlangoni.

Jioni ile niligonga mkono wake mara moja. Hakujibu. Nikagonga tena. Akauondoa mkono taratibu, akauingiza mfukoni. Katika miaka yote, juani na mvuani, hakuwahi kuniacha bila jibu. Nilikwenda msalani nikalia sana, maana niliona wazi kwamba tutarudi Temeke na mwili wa mzee tu.

Asubuhi yake tulikuwa tunaondoka. Nassor anatafuta teksi, Upendo akasema, "Bibi, tusipande teksi. Kuna treni inakwenda mpaka uwanja wa ndege. Ile ya sumaku."

Nikamtazama Mzee Abeid. Anaangalia ukuta.

Kituo ni safi, kipo juu, ghorofani. Treni ikaingia. Wanangu, mimi treni nazijua zinavyoingia. Zinakuja na vishindo, breki zinalia, reli inaanza kuimba kabla hujaliona behewa. Hii ilikuja na upepo tu. Ilitokea pale, nyeupe, ikasimama. Macho yangu yakashuka yenyewe kutafuta magurudumu, kama mtu anavyotafuta miguu ya mgeni, na hapakuwa na kitu. Behewa limeikumbatia njia yake pande zote mbili, limeshuka mpaka chini yake. Mkono wangu ukainuka kidogo. Sikuwa na pa kugonga. Niliogopa, na nilifurahi, yote kwa pamoja, sijui niwaeleze vipi.

Tukaingia. Nikamkalisha mzee dirishani, nikaketi kando yake. Mbele yetu kuna mama na mfuko wake wa mboga. Upande wa pili kijana amelala, mdomo wazi. Amelala! Nikamuuliza Upendo, "Huyu anajua amepanda nini?" Akacheka. "Bibi, kwao ni usafiri tu, kama wewe unavyokwenda Kawe." Kwenda Kawe! Mimi nikienda kwa Magreth nafunga safari, nabeba maji ya kunywa, na foleni inanimalizia nusu siku.

Nikauvuta mkono wa Mzee Abeid kutoka mfukoni. Nikagonga mara moja. Kimya. Nikajisemea, Felista, usikimbilie kusema ni bovu. Nikauacha mkono wangu pale pale juu ya wake, nikasubiri. Yadini usipojibiwa unasimama, huendi mbele, na mimi sikuwa nakwenda popote.

Milango ikafungwa. Nikasikia mvumo mdogo sana kutoka chini, mimi hata sikuutilia maanani kwa sababu behewa lilikuwa halijasogea. Lakini mzee alishtuka. Aliangalia miguu yake. Akavua kiatu, akakanyaga sakafu kwa soksi. Halafu yule mzee mrefu akainama, akapiga magoti kati ya viti, akaweka viganja vyote viwili chini.

"Baba, inuka, watu wanatuangalia," Nassor akasema, kama vile atasikia.

"Imenyanyuka!" Mzee Abeid akapaza sauti. Viziwi hawajui wanavyopaza. Yule kijana akaamka, mama wa mboga akashika mfuko. "Felista! Imetuinua! Haijaenda mbele, imekwenda juu! Subhanallah, imetuinua wote na mizigo yetu!"

Ilikuwa sauti yake ya yadini. Nassor akaketi ghafla.

Ndipo ikaondoka. Haikuvuta, haikutikisa, ilikwenda tu, na iliendelea kwenda. Juu ya mlango kuna namba zinazoonyesha kasi, nazo zilikuwa zinapanda huku nikisubiri zisimame, zikapita mia, zikapita mia mbili, zikagusa mia tatu. Nyumba zikawa mistari. Magari ya barabarani yalionekana yanarudi nyuma. Kwenye kona treni nzima ikalala upande, na mboga za yule mama hazikumwagika. Nikasikiliza kwa nguvu zangu zote ile ta-ta, ta-ta ya gurudumu kwenye maungio ya reli, sauti niliyozaliwa nayo kwenye nyumba za reli Tabora. Haikuwapo. Palikuwa na upepo, na mtetemo wa mbali kidogo, na chini yetu hewa. Nilijikuta nimeshika msalaba wangu shingoni, nikamshukuru Mungu kwa kuniweka hai mpaka siku hiyo.

Mzee amerudi kitini, ameushika mkono wangu. "Inaliaje?" akauliza. Gurudumu halipo, nigonge nini? Nikamgeukia Upendo. "Nieleze. Nani anajua kama chini kuko salama?"

Upendo akasogea. "Bibi, sumaku za treni ziko chini ya njia, zinajivuta kwenda juu. Zinataka kugusa, lakini haziruhusiwi. Kuna vifaa vinapima ile nafasi kati ya sumaku na njia, nafasi ya kidole tu. Vinapima muda wote, mara nyingi ajabu ndani ya sekunde moja. Zikikaribia sana, umeme unapunguzwa. Zikienda mbali, unaongezwa. Kila saa, kila mahali, hazipumziki."

Nikamfikishia mzee. Nikaweka viganja vyangu viwili vikitazamana, nikaacha nafasi ya kidole kati yake. Halafu nikachukua kidole changu nikagonga mgongo wa mkono wake, haraka haraka, mfululizo, bila kuacha, huku nikimwonyesha chini.

Alitazama kidole changu. Macho yakamjaa.

"Inajigonga yenyewe," akasema. "Muda wote inajigonga, inajisikiliza. Basi kuna mtu wetu humo chini."

Akainua mikono yote miwili, akavua kofia. Kichwa kilikuwa cheupe chote, nywele nyepesi kama za mtoto. Hata Nassor nadhani alikuwa hajawahi kuziona nje ya nyumba. Akaiweka ile kofia magotini, mbele ya Wachina wote wa behewa lile, na mimi peke yangu ndiye niliyejua analipa ahadi gani.

Kisha akamgeukia Upendo. "Na hivyo vinavyopima, vikinyamaza, nani anavikagua?"

Upendo akajigusa kifua. "Ndiyo ninayosomea, babu." Akarudia kwa ishara, anajionyesha yeye, anaonyesha chini.

Mzee akamtazama kama alivyonitazama mimi na ufagio wangu. Akajiweka sawa kitini, akakohoa kidogo.

"Haya sikiliza, binti," akasema. "Mie wiki yangu ya kwanza niliua treni nzima."

Nassor akajifunika uso kwa mikono yake, akalia. Baba yake hakuona, alikuwa anasimulia. Treni ya mizigo, Kurasini, gurudumu la kwanza likaguna. Anapunga mikono, anaonyesha nyapara alivyotembea. Upendo anacheka pale panapochekesha. Safari yenyewe ni fupi, hata chai ya moto hujaimaliza umefika, na tulipofika uwanja wa ndege alikuwa hajafika kwenye breki. Akakataa kushuka mpaka amalize. Ilibidi mfanyakazi wa treni aje kutuomba kwa heshima, na mzee akamalizia hadithi akiwa amesimama kwenye jukwaa la kituo, kiatu kimoja mkononi.

Masikio hayakurudi. Sitaki mdhani nawasimulia miujiza. Hasikii kitu mpaka leo. Lakini yupo. Upendo anamtumia picha za vyombo vyake na maswali, naye anajibu kwa maandishi makubwa, na wakati mwingine anambishia. Hadithi ya treni iliyokufa sasa ina sehemu ya pili, ya treni iliyoinuka, nayo ni ndefu kuliko ya kwanza. Wanaokuja kununua koki wanasimuliwa zote mbili wapende wasipende. Nyie mkipita Temeke ingieni dukani kwa Nassor, mwambieni tu kwamba mnasomea treni, halafu msiwe na haraka. Msimpigie kelele. Wekeni mkono juu ya meza mgonge mara moja, mbao zitamfikishia.

Mimi nakwenda pale karibu kila siku nikitoka sokoni. Nagonga moja, ananijibu moja, tunakaa. Nikitaka kuondoka nagonga meza mara mbili, kama zamani, nimemaliza, nimetoka, niko salama. Tangu turudi nasubiri na yeye agonge mbili zake, nami najua kwa umri wake siku itakuja atazigonga. Jana nilisimama na kikapu changu, nikagonga mbili, nikasubiri. Akanitazama kwa macho yale ya utundu, akagonga moja tu.

"Mie bado niko chini ya behewa," akasema. "Treni isiondoke."